Mikono Safi ya Chumba cha Nyuma

Katika karakana nzima ya kutengeneza pampu na injini, mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kushika mkate mweupe bila kuuachia alama za vidole. Mafundi wengine walikuwa na kucha nyeusi ambazo sabuni ilishazikatia tamaa zamani. Yeye mikono yake ilikuwa mikavu, imetakata kama ya karani wa benki. Alijua hivyo, na alihakikisha kila mtu anajua. Ndiyo maana wakamwita Msafi. Walianza kwa kejeli, yeye akalipokea jina kama mtu aliyepandishwa cheo, na mwisho hata mkewe alilitumia akiwa na jambo la kumkaripia.

Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma. Pampu ikifunguliwa, vipande vyake vilivyogandwa na grisi ya miaka na miaka vilipelekwa chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na tangi la bati nene linalopashwa moto kidogo kwa umeme, na ndani yake dawa. Hakuna aliyeijua kwa jina jingine. Ilikuwa angavu kama maji, na harufu yake tamu, kama ya tunda lililoiva likapitiliza. Unatumbukiza chuma cheusi, mvuke unakilamba, unakitoa kimeng'aa na kukauka kabla hujatafuta kitambaa. Pipa lililoleta dawa hiyo lilichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri, aliamuru pipa ligeuzwe fuvu litazame ukutani, lisije likawatisha wateja. Hakuna mteja aliyewahi kukanyaga chumba cha nyuma.

Zamani chumba kile kilikuwa na feni ya kutoa hewa nje. Tajiri alikuja siku moja akaona dawa imepungua tangini, akaitazama feni, akamtazama Msafi, akarudi kuitazama feni. "Hii feni inakunywa dawa yangu," akasema. Ikang'olewa siku hiyohiyo na tundu lake likazibwa kwa ubao. Kuanzia hapo dawa ikawa inanywewa na Msafi.

Tusimsingizie, hakulalamika. Alipenda. Kufika katikati ya asubuhi alikuwa ameshachangamka, anaimba, anaiambia nati hadithi na kuicheka yeye mwenyewe. Mafundi wa mbele walisema Msafi analewa bila kununua. Tajiri alipopita na wageni alisimama mlangoni akamsikiliza, akasema, "Huyu ndiye mfanyakazi anayeipenda kazi yake." Siku za mapumziko kichwa kilimgonga, akawa mkali kwa watoto, na mkewe akawa anaamini kwamba mume wake anaumwa na uvivu wa kukaa nyumbani.

Glovu zilikuwepo. Msafi alizitundika msumarini zikakaa huko mpaka zikafanya ufa. Glovu, alisema, ni za mtu asiyejua kazi, kwa sababu kidole kitupu ndicho kinachoambiwa na chuma kama grisi imetoka yote. Basi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kabla ya kwenda nyumbani alichovya kitambaa akajifuta shingo na mikono, na chupa ya soda aliijaza dawa akaiweka mfukoni, kwa ajili ya madoa ya mtaa mzima. Majirani walileta kola na makoti, naye aliyapokea kama mganga anayepokea wagonjwa. Barakoa nazo zilikuwepo, nzuri kabisa, bado ziko kwenye nailoni zake, kabatini kwa Tajiri. Zilivaliwa siku ya wakaguzi. Wakaguzi wakishapanda gari, zinavuliwa, zinafutwa, zinarudi kwenye nailoni.

Halafu kulikuwa na maziwa. Kila asubuhi pakiti moja, ya baridi, kwa mtu wa chumba cha nyuma peke yake. "Maziwa yanakata sumu," alisema Tajiri, na alisimama palepale na funguo zake kidoleni mpaka pakiti imalizike, kama mama anayemnywesha mtoto. Ikumbukwe kwamba Tajiri alikuwa mkono wa birika, mtu aliyekata sabuni ya kunawia vipande vyembamba ili mafundi wasiifaidi. Mtu kama huyo akikupa maziwa, unajiona mwana mpendwa. Mafundi wengine waliona wivu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza, kama chumba hakina sumu, maziwa yanakata nini.

Basi ikafika siku ambayo Msafi aliingia choo cha karakana, akatazama chini, akaona mkojo wake una rangi ya maji yaliyosuuza nyama.

Hakusikia maumivu yoyote. Alimwaga maji ndoo nzima, akasimama kidogo, akatoka, akamwambia Tajiri kwamba siku hizi dawa imekuwa kali, pengine pakiti ziwe mbili. Tajiri alikunja uso kama aliyeombwa binti, lakini akatoa. Siku chache baadaye mkojo ukarudi rangi yake. Ilitosha. Msafi akawa mhubiri wa maziwa. Aliwaambia mafundi, majirani na muuza duka. Alimwambia hata mkewe, bila kumwambia ni kwa nini.

Damu ikarudi. Safari hii ilimkuta nyumbani, akasahau kumwaga maji.

"Msafi," mkewe aliita kutoka chooni. "Hii damu ya nani?"

"Damu gani? Nilikula kitu chekundu."

"Chakula unachokula nakipika mimi."

Hapo hakuwa na pa kutokea. Mke alimkalia kooni mpaka akaenda zahanati, shingo upande. Tabibu wa zahanati alikuwa na foleni iliyofika barabarani. Hakuinua macho. Akamuuliza kama utotoni aliwahi kuogelea mtoni. Msafi akajibu, kwa fahari, kwamba hakukuwa na mtoto aliyemshinda kupiga mbizi. "Kichocho," akasema tabibu, na kalamu ilishaanza kuandika vidonge. Akiwa anaandika akauliza kazi yake. "Kazi yangu safi kabisa, daktari. Angalia mikono." Tabibu akaiangalia, akasema angependa na wengine waje na mikono kama hiyo. Vidonge vikamezwa, damu ikakata kwa hiari yake kama mara ya kwanza, na Msafi akarudi kazini kifua mbele. Alikuwa ameponywa mara mbili, na ugonjwa haukuwa umeguswa hata mara moja.

Akaanza kukonda. Mkanda wa suruali akautoboa tundu jipya, kisha jingine. Ubavu wa kushoto ukawa unamuuma anapoinama tangini, akamwambia Tajiri ni umri. Mkewe alikuwa na macho. Alimpa siku chache za kujisemea mwenyewe, alipoona hajisemei, akamshika mkono kama mtoto mtoro akampeleka hospitali kubwa. Wakampiga picha. Daktari, mwanamke mmoja mwenye sauti ya chini, akawaonyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto, mkubwa kuliko alivyotaka kuuona. Akasema figo hiyo lazima itolewe, na haraka.

Mke alishika tama akalia. Msafi hakulia. Akili yake ilikuwa imeenda mbali na figo, ilikuwa chumba cha nyuma. Kama atalala hospitalini wiki kadhaa, nani ataingia mle? Nani atakunywa maziwa yale? Mtu mgeni akiionja kazi ya mikono safi hatakubali kutoka, na Msafi atarudi akute unga wake umemwagika. Mtu ana uvimbe tumboni, naye anaogopa kunyang'anywa tangi. Ningesema alikuwa mjinga, lakini wajinga wa namna hiyo ndio wanaosifiwa kwenye sherehe za wafanyakazi.

Akapata wazo, na alilipenda sana. Amuweke mtu wa familia amshikie nafasi. Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye mke na watoto mapacha wachanga, mpole, mnene, kila mtu alimwita Kibonge. Alikuwa akibeba mizigo sokoni na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Msafi akampeleka kwa Tajiri. Akamfundisha kazi yote asubuhi moja.

"Glovu achana nazo, shemeji. Kidole ndicho kinachoambiwa."

"Na hii harufu?"

"Utaizoea. Dawa isiyonuka haifanyi kazi. Na maziwa usikose."

Kibonge aliinua mikono yake iliyotoka tangini, akaigeuza huku na huku. Uchafu wa mizigo uliogandamana ulikuwa umeng'oka, vidole vimetakata. Alicheka kwa furaha hasa. "Shemeji, Mungu akulipe," akasema. Msafi akaenda kupasuliwa akiwa na amani.

Akatoka salama. Figo moja ilitoka, moja ikabaki. Tajiri alikuja kumwona akiwa na katoni nzima ya maziwa kwapani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema karakana nzima inamsubiri, akasema Kibonge ni mchapakazi, akasema wao wote ni familia moja. Alimvisha kilemba cha ukoka mpaka muuguzi akasimama kusikiliza.

Siku ya kutolewa nyuzi, daktari mwenye sauti ya chini alimshika mkono ampime mapigo, akasita. Akaugeuza ule mkono. Ngozi ya Msafi kwa karibu haikuwa na urembo alioufikiria yeye. Ilikuwa imekauka hadi kwenye kiwiko, nyeupe kama imepakwa unga, na kwenye maungio ya vidole ilikuwa na nyufa ndogondogo zisizofunga.

"Hii mikono unaisafisha na nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumuuliza hivyo. Msafi akaeleza, akiwa anachangamka kadiri anavyoeleza: tangi, mvuke, feni iliyokuwa inakunywa dawa, fuvu linalotazama ukutani. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kukuapia kwamba ni hiyo peke yake," akasema. "Saratani ya figo ina njia nyingi. Sigara, unene, shinikizo la damu. Lakini dawa za kuondoa grisi za aina unayonielezea, mtu akizivuta miaka na miaka, na nyingine ikapitia kwenye ngozi, tunajua zinaleta saratani hii hii. Figo ndiyo inayochuja unachovuta. Na uliyobaki nayo ni moja. Usirudi mle ndani."

"Na maziwa, daktari? Hayakati?"

"Maziwa ni mazuri kwa mifupa."

Mkewe alikuwa amekaa pembeni na mfuko wa nguo. Alisema walipofika kwenye ngazi, taratibu, akiwa anatazama mbele. "Ndugu yangu mle ulimwingiza wewe. Kamtoe wewe."

Chupa ya soda yenye dawa, iliyokuwa juu ya kabati nyumbani, mke aliifungia ndani ya mifuko mitatu akairudisha hospitalini kuuliza itupwe wapi. Kisha akafungua madirisha yote.

Msafi akaenda karakana, anatembea ameegemea upande wa kovu. Alimsikia Kibonge kabla hajamwona. Kibonge alikuwa anaimba. Alikuwa ameinamia tangi, mikono imezama, uso umemng'aa, na alipomwona alimkumbatia kwa viwiko ili asimloweshe.

Msafi akamweleza yote. Hakutia chumvi, hakuficha. Akainua hata shati.

Kibonge alilitazama lile kovu kwa huruma ya kweli. Halafu akasema, "Pole sana, shemeji. Lakini wewe ulikuwa unakosa kunywa siku nyingine, si ndiyo? Mimi sikosi."

"Maziwa hayakati kitu."

"Uliniambia yanakata."

"Nilikuwa sijui."

"Basi angalau nivae glovu?"

"Zimepasuka. Hata zikiwa nzima, hewa ya mle utaivuta na nini, na glovu?"

Kibonge akacheka, akafikiri, akatazama mikono yake. Akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa asione aibu, "Shemeji, mimi najua kinachokuuma. Nafasi ni yako. Ukipata nguvu nitakuachia. Sikuiba." Na kila neno lililofuata, kuhusu kidole kinachoambiwa na dawa isiyonuka, Msafi alirudishiwa kama alivyolitoa. Alikuwa mwalimu mzuri mno.

Siku ya pili Msafi akarudi. Na ya tatu. Akawa anakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa karibu na choo cha karakana, na Kibonge akitoka, anamuuliza, "Rangi gani?" Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakambadilisha jina, wakamwita Mkaguzi wa Mkojo. Mtu aliyeficha mkojo wake mwenyewe kwa ndoo ya maji sasa alikuwa anaomba kuonyeshwa wa mwenzake mchana kweupe. Aliona aibu, na aliendelea.

Tajiri alimtazama kwa siku kadhaa kutoka dirisha la ofisi, ambako, kwa taarifa yako, ile feni sasa ilikuwa inampepea yeye. Tajiri si mtu wa kuacha kitu kipotee bure. Alimwita Msafi ndani, akampa kiti.

"Umenipa wazo," akasema. "Wakaguzi kila wakija wananiuliza mpango wa afya. Sasa ninao. Mtu wa chumba cha nyuma kila wiki atakojoa kwenye chupa, anaiweka dirisha la choo, wewe unaangalia. Damu ipo, anapumzika. Damu haipo, anaendelea. Kazi nyepesi kwa hali yako. Nitakushonea na koti jeupe."

"Tajiri, rudisha feni."

"Feni ni kitu kingine."

Msafi alitaka kukataa. Lakini angekataa, angefukuzwa getini, na Kibonge angebaki mle na wimbo wake. Akalivaa koti.

Ikawa hivyo. Kila wiki chupa ya plastiki iliwekwa dirishani, na Kibonge alisimama nyuma ametazama pembeni, kwa sababu mambo hayo yalimtia kichefuchefu. Msafi aliiinua kwenye mwanga. Manjano, angavu, haina kasoro. "Hamna kitu," anasema, na anaongeza kwamba hamna kitu leo haina maana hamna kesho, kwamba yake ilichukua miaka, kwamba, toka mle sasa, shemeji, wakati bado hamna. Kibonge hayo ya mwisho hakuyasikia. Alisikia hamna kitu. Alishukuru, akapangusa jasho la wasiwasi, akarudi tangini kuimba, na kila wiki aliimba kwa nguvu zaidi. Wakaguzi walipokuja, Tajiri aliwaonyesha koti jeupe, nao wakafurahi sana. Mmoja alipiga picha.

Akiwa amesimama kwenye picha ile, na barakoa za kabatini zikiwa kwenye nyuso za watu kwa dakika zile chache, Msafi alielewa amegeuzwa nini. Yeye ndiye alikuwa pakiti ya maziwa. Aliona uchungu ambao kisu cha hospitali hakikumpa. Nyumbani mkewe alimuuliza kama kawaida, "Ametoka?" Akajibu bado. Mke akampakulia chakula bila kumtazama usoni.

Wiki iliyofuata chupa ikaja dirishani. Kibonge alikuwa nyuma, ametazama ukutani, anapiga mluzi. Msafi akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi, mkojo wa mtu mzima wa afya, baba wa mapacha. Aliitazama muda mrefu kuliko siku zote. Mluzi ukakatika.

"Shemeji?"

Msafi akaimimina yote kwenye bomba la maji machafu, akafungulia maji.

"Ina damu," akasema.

Kibonge hakubisha. Aligeuka, rangi imemtoka usoni, akaishika mikono yake miwili mbele kama vitu vya mtu mwingine. Akaomba aonyeshwe, akaambiwa imeshamwagwa, haifai kukaa. Akaketi chini kwenye saruji, mtu mzima, akalia, akiwataja watoto wake. Msafi alimwacha alie. Ilimuuma, na hakumwambia kitu. Alipomaliza, Kibonge alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wenye glovu, akatoka kwa mlango wa mbele bila kuchukua hata maziwa yake.

Tajiri alikasirika kwa muda wa kunywa chai, kisha akapata mtu mwingine. Wa kupata hakosi. Huyu alikuwa mwembamba, mcheshi, alikuwa akichoma matofali, na wiki ya kwanza tu alikuwa anawaonyesha wenzake vidole vyake. Hakuwa ndugu wa mtu pale. Aliweka chupa dirishani akasimama anasubiri, huku Tajiri naye amesogea kusikiliza, maana alitaka chumba kisisimame tena.

Msafi aliinua chupa kwenye mwanga. Manjano, angavu, haina kasoro.

"Na huyu ana damu," akasema, akafungulia maji.

Tajiri akamtolea macho. "Kila mtu anayeingia mle utamwona ana damu?"

"Mpaka siku utakayorudisha feni," akasema Msafi, akasuuza chupa, akaiweka dirishani tayari kwa anayefuata.